Spika zisizo na waya nyumba nzima: shida ni muda, spika zenyewe hazina neno

Watu wengi wanaotaka muziki nyumba nzima wanaanza kwa kununua spika, alafu ndo wanauliza zitaunganishwaje. Matokeo yake unakuta nyumba ina saundbaa na sabufa yake sebuleni, jikoni kuna spika ndogo ya Bluetooth, chumbani kuna sabufa ya zamani ya kuchomeka waya, na kila moja ikilia peke yake iko poa kabisa. Ila siku mwenye nyumba ana wageni anataka wimbo mmoja ulie kote kuanzia barazani mpaka jikoni, hapo ndo kazi inaanza, jikoni inachelewa, chumbani haionekani hata kwenye simu, sebuleni inakata kata, na mwisho anasema ameuziwa feki. Mara nyingi sio feki. Ni vifaa vilivyoundwa kwa kazi tofauti na kila kimoja kinachelewesha sauti kwa kiasi chake, na ukishalielewa hilo la kuchelewa, mengine yote yanakuwa mepesi.

Kila boksi linakwambia kifaa hakina waya, lakini nyuma ya hiyo ahadi kuna njia tatu tofauti za kurusha sauti, na hizo njia hazijuani.

Ya kwanza ni Bluetooth. Simu inarusha moja kwa moja kwenye spika, hakuna wa katikati. Inatumia masafa ya 2.4 GHz ikirukaruka kwenye chaneli 79, kwa vifaa vingi vya nyumbani umbali wake ni kama mita 10 pasipo kizuizi, na ukuta wa tofali za bloku unapunguza hapo sana. Ilitengenezwa kwa simu moja na spika moja.

Ya pili ni Wi-Fi, hapa spika zote zinaingia kwenye ruta ya nyumbani kama simu au TV inavyoingia, na kwa mifumo mingi simu yako inabaki kuwa rimoti tu, yani spika yenyewe ndo inaufuata wimbo intaneti, wewe ukizima simu au ukatoka nayo dukani muziki unaendelea.

Ya tatu ni redio binafsi kati ya saundbaa na sabufa yake. Hizi zimefunganishwa toka kiwandani, hazipiti kwenye ruta wala kwenye simu, na ndo maana sabufa ya saundbaa ya kampuni moja ukiipeleka kwenye saundbaa ya kampuni nyingine haitaiona hata ubonyeze nini. Alafu zote hizi, ukitoa zile za betri, bado zinahitaji soketi ya umeme, kwahiyo kabla hujapanga spika ikae wapi angalia kwanza soketi ziko wapi.

Sasa tuje kwenye muda, hapa tukae kidogo.

Sauti hewani inatembea kama mita 343 kwa sekunde, yani kila mita moja inakula karibu milisekunde 3, na milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas alichunguza sikio letu linafanya nini likisikia sauti ileile kutoka sehemu mbili, akaonyesha kwamba ya pili ikichelewa kidogo, mpaka kama milisekunde 30 hivi, ubongo unaziunganisha na mtu anasikia sauti moja, ikichelewa zaidi ya hapo sikio linaanza kuzitenganisha na unasikia mwangwi. Hiyo ndo ruhusa uliyonayo kati ya chumba na chumba. Sebule na jikoni zikipishana milisekunde 15 hakuna atakayejua, zikipishana 100 kila anayepita koridoni atasikia wimbo unajirudia mara mbili mbili mpaka kichwa kiume.

Ndani ya chumba kimoja ruhusa inapungua sana. Spika ya kushoto na ya kulia zikipishana hata milisekunde moja tu, sauti ya mwimbaji ambayo ilitakiwa isikike katikati inahamia upande mmoja. Sabufa na spika zake nazo zina masharti yao: kwenye 80 Hz, yani mitetemo 80 kwa sekunde, ambapo ndo sabufa nyingi zinakabidhiana kazi na spika ndogo, wimbi moja zima linachukua milisekunde 12.5, maana yake sabufa ikichelewa milisekunde 6 na kitu inakuwa inasukuma hewa wakati spika inavuta, na hapo besi inajifuta. Ipo, lakini huisikii. Watu wanaongeza sauti ya sabufa mpaka mwisho wakidhani haina nguvu kumbe inapigana na wenzake.

Na kwenye TV kuna kipimo kingine tena. Chama cha kimataifa cha mawasiliano, ITU, kwenye mwongozo wake kinasema watu wanaanza kugundua tatizo la mdomo na sauti pale sauti inapotangulia picha kwa kama milisekunde 45 au kuchelewa kwa kama 125.

Chukua sasa Bluetooth uipime kwa hivyo vipimo. Ile kodeki ya kawaida (njia ya kuibana sauti ili irushwe) ambayo kila kifaa kinayo, SBC, kwa kawaida inachelewesha sauti milisekunde 150 mpaka 250, na kiasi kinategemea spika yenyewe imetengenezwaje. Ukiwa na spika moja na unasikiliza muziki tu hilo halikuhusu, maana wimbo wote umechelewa sawasawa. Ila ukiweka mbili za kampuni tofauti, moja inachelewa 160 nyingine 230, tayari umeshavuka ruhusa ya chumba na chumba. Simu za Samsung zina kitu kinaitwa Dual Audio, kinarusha kwenye spika mbili kwa mpigo, na kinafanya kazi kweli, lakini spika zikiwa hazifanani zinaweza kupishana na simu haina uwezo wa kuzisawazisha vizuri. Kampuni kama JBL zina mfumo wao wa kuunganisha spika zao wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 2022 ilitangazwa Auracast, ambayo inaruhusu kifaa kimoja kirushe kwa spika nyingi zisizo na idadi. Mimi naona hivi ni vitu vizuri vya uwanjani, ufukweni, kwenye kusherehekea nje. Kwa nyumba ya vyumba vinne yenye kuta za bloku sivishauri, maana bado kila kitu kinategemea simu iko wapi, na ikipigiwa muziki wa nyumba nzima unasimama.

Wi-Fi inatatua kwa namna nyingine kabisa. Spika zote zinakubaliana kwanza saa ni ngapi, kwa usahihi mkubwa kuliko saa ya ukutani, alafu kila kipande cha muziki kinatumwa mapema kikiwa na maelekezo kwamba kilie muda fulani kamili, spika inakipokea inakiweka akiba inasubiri muda ufike. Ni kama kwaya ambayo kila mwimbaji yuko chumba chake, ila wote wamegawiwa karatasi mapema na saa zao zimerekebishwa pamoja. Mtandao ukiyumba kidogo haidhuru, akiba ipo. Kuna programu ya bure inaitwa Snapcast, watu wanaiweka kwenye kompyuta ndogo za Raspberry Pi, walioitengeneza wanasema tofauti kati ya spika na spika kwa kawaida iko chini ya milisekunde 0.2. Hakuna sikio litakalogundua hapo.

Bei yake ni hiyo akiba yenyewe. Ukibonyeza wimbo uanze unasubiri kidogo, sekunde moja, wakati mwingine mbili, na kwa muziki hakuna anayejali, lakini kwa kitu chochote kinachotokea mubashara ni balaa. Maikrofoni ya karaoke haipiti hapo, utaongea na sauti yako itatoka baadae. Kinanda hakipiti. Kwa hiyo ukiwa na shughuli nyumbani na kuna MC, maikrofoni iende kwa waya kwenye amplifaya, muziki ndo uende kwa Wi-Fi vyumba vingine.

Kinachofuata ni kuchagua familia ya spika, yani mfumo unaoziunganisha, na hapa ndo pesa nyingi inapotea. Sonos, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa 2002, ndo imefanya biashara hii muda mrefu na mfumo wao unaelewana vizuri sana ila ni wao kwa wao. Yamaha wana MusicCast, Denon wana HEOS. Alafu kuna zile lugha za pamoja ambazo kampuni nyingi zinazitumia: AirPlay 2 ya Apple iliyotoka 2018, na Google Cast. Spika ya Yamaha na ya Sonos haziingii kwenye kundi moja kwa mifumo yao wenyewe, lakini kama zote mbili zina AirPlay 2 na nyumbani kuna iPhone zitalia pamoja bila shida. Nyumba yenye simu za Android peke yake AirPlay haitamsaidia mtu, watafute Cast au apu ya kampuni yenyewe. Ushauri wangu ni uchague lugha kwanza, uiandike, alafu dukani usinunue chochote kisicho na hiyo lugha hata kama bei inakuvuta.

Kwa wanaonunua mtumba, wa Ulaya au wa Dubai, kuwa makini na jambo moja. Hizi spika zinategemea programu. Sonos mwaka 2020 waligawanya vifaa vyao, vya zamani vikabaki kwenye apu ya S1 na vipya vikaenda S2, na cha S1 na cha S2 haviingii kundi moja. Chromecast Audio, kile kiduara kidogo cha Google kilichotoka 2015, kilishaacha kutengenezwa 2019, na Machi 2025 viligoma dunia nzima sababu cheti cha ndani kiliisha muda mpaka Google wakatoa marekebisho. Kwahiyo kabla hujalipa, kitafute kifaa kwenye apu ukiwa palepale kwa muuzaji, kionekane na kiimbe.

Na kama una sabufa zako za kawaida, zile za 2.1 au 3.1 zinazouzwa kila mtaa, usizitupe! Hii watu hawaambiwi madukani. Unachohitaji ni kiboksi kidogo cha kupokea muziki kwa Wi-Fi, WiiM wanatengeneza, wapo na wengine, kinachomekwa kwenye matundu mekundu na meupe ya nyuma au kwenye AUX, na sabufa ya zamani inaingia kwenye mfumo kama mtoto wa nyumbani. Viboksi viwili vya kampuni moja, kimoja sebuleni kingine chumbani, tayari una vyumba viwili vinavyoenda pamoja, na sauti ni ileile uliyoizoea ya spika zako. Kwa nyumba zetu nyingi naona hii ndo njia yenye akili kuliko zote.

Tuje kwenye ruta, ambayo ndo inayolaumiwa mwishoni wakati ilitakiwa iangaliwe mwanzoni. Watu wanadhani wanahitaji intaneti ya kasi. Hapana. Muziki wa 320 kbps unakula karibu MB 144 kwa saa, hata muziki wa ubora wa CD ni 1.4 Mbps tu, spika tano zikilia kwa ubora huo hazifiki Mbps 8 ndani ya nyumba. Na kwenye mifumo kama Sonos spika moja ndo inachukua wimbo nje na kuwagawia wenzake, kwahiyo vyumba vitano havili bando mara tano. Ukiwa na nyimbo zako kwenye flashi au kompyuta ya nyumbani, bando haliguswi kabisa.

Kinachotakiwa ni mtandao usioyumba ndani ya nyumba yenyewe. Fundi wa faiba anaweka ruta pale waya unapoingilia, mara nyingi kona ya sebule nyuma ya TV, na kutoka hapo mpaka chumba cha mwisho kuna kuta tatu za bloku, lenta ya zege yenye nondo, labda na friji na kabati la chuma. 5 GHz ina kasi lakini kuta hizo zinaimaliza, 2.4 GHz inapenya vizuri zaidi ila ndo hapohapo walipo majirani wote, Bluetooth zote na microwave ya jikoni. Kwenye 2.4 weka chaneli 1, 6 au 11, hizo tatu haziingiliani, usiache ruta ikae katikati kwenye 3 au 8 ikasumbuana na pande zote mbili. Na uitoe nyuma ya TV, iweke juu, sehemu ya wazi, karibu na katikati ya nyumba kadri waya unavyoruhusu.

Vyumba vya mbali ukiweza pitisha waya wa mtandao, unafika mpaka mita 100 bila tatizo, weka ruta ya pili huko lakini iwe kama kituo tu cha kurushia na isigawe mtandao wake mwenyewe. Hili la mwisho linaumiza watu sana. Ruta mbili zinazogawa kila moja mtandao wake ni nyumba mbili tofauti machoni pa spika, simu ikiwa kwenye moja haioni spika za nyingine, hata kama zote zina intaneti safi. Hivyohivyo kwa Wi-Fi ya wageni, na kwa ile setingi ya AP Isolation ambayo kwenye baadhi ya ruta inakuja imewashwa, kazi yake ni kuzuia vifaa visionane, na spika zinaishi kwa kuonana. Spika ikigoma kuonekana kwenye apu anzia hapo kabla hujairudisha dukani.

Hotspoti ya simu kama mtandao wa nyumba, mimi hapana. Mwenye simu akitoka, nyumba nzima imekuwa kimya.

Umeme nao. Ukikatika na kurudi, spika zinawaka haraka kuliko ruta, zinatafuta mtandao haupo, baadhi zinajirudia zenyewe, baadhi zinakaa zimezubaa mpaka uzizime uziwashe. Ile UPS ndogo ya volti 12, betri ya akiba ya kuwekea ruta, inaondoa sehemu kubwa ya hilo, maana ruta haizimiki kabisa.

Sabufa niliiacha kwa makusudi maana inatakiwa iwe ya mwisho. Kwanza namba kubwa ya boksini, ile ya PMPO, achana nayo, geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma kinavuta wati ngapi kwenye soketi, kikivuta wati 60 hakiwezi kukupa mia tano mfululizo, hiyo nguvu itoke wapi. Pili sabufa ni mali ya chumba chake. Usijaribu kuweka sabufa moja koridoni ihudumie vyumba vitatu. Besi itafika huko kweli, inapita milangoni na kwenye dari, lakini itakuwa imeshachelewa na kubadilika, na nimeshakwambia milisekunde 6 tu zinatosha kuifuta. Na kwa sababu hiyohiyo usiunganishe sabufa kwa kipokezi cha Bluetooth cha bei rahisi wakati spika zingine ziko kwa waya, besi itakuja nyuma ya ngoma milisekunde 200, huo sio muziki tena. Zile redio binafsi za saundbaa zinachelewesha kidogo sana na kwa kiasi kisichobadilika, kwahiyo kiwanda kimeshazichelewesha na spika zingine ili zilingane na sabufa.

Mahali pa kuiweka panabadilisha sauti kuliko bei yake. Wimbi la 40 Hz lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, refu kuliko sebule nyingi, kwahiyo linagonga ukuta linarudi linakutana na lenyewe. Sebule ya mita 5 kwa 4 itakuwa na besi inayovimba karibu na 34 Hz na 43 Hz, sehemu fulani inanguruma, ukisogea hatua mbili imepotea. Kona inaongeza besi, watu wanaipenda kwa hiyo, ila ndo inayofanya noti moja ivume kuliko zingine. Fanya hivi: beba sabufa uiweke kwenye kochi unalokaliaga, piga wimbo wenye besi inayotembea, alafu wewe tambaa pembeni mwa chumba kichwa kikiwa chini karibu na sakafu, pale utakaposikia noti zote za besi zinalingana ndo uiweke. Inaonekana ajabu ila fizikia haijali nani kakaa wapi, njia ya kwenda na kurudi ni ileile. Chini ya 80 Hz sikio halitambui vizuri besi inatokea upande gani, kwahiyo hata ikiwa pembeni ya kochi au nyuma ya pazia hakuna shida. Ikiwa na kitufe cha 0 na 180, kaa kwenye kochi mtu mwingine akibadilishe, chagua upande wenye besi nzito zaidi.

Kumalizia, kusanya vyumba kwenye kundi moja na upige mdundo wa metronomu kutoka kwenye simu, apu za bure zimejaa, zile ti-ti-ti. Simama kwenye mlango unaogawa vyumba viwili. Ukisikia mlio mmoja, mko sawa. Ukisikia ti-ki, ti-ki, ingia kwenye setingi ya kuchelewesha ya spika inayotangulia, apu nyingi wanayo, Google Home wanayo, isogeze kidogo kidogo mpaka zishikane. Kumbuka kusimama umbali sawa na spika zote mbili, maana ukiwa mita 2 kutoka moja na mita 6 kutoka nyingine hewa peke yake imekupa tofauti ya milisekunde 12. Nenda mlango wa pili, wa tatu. Spika inayopitia kiboksi na amplifaya yenye vichujio vya kidijitali ndo mara nyingi inakuwa nyuma, hiyo usiiguse, chelewesha wengine waifuate, alafu rekodi hizo namba sehemu, maana apdeti ya apu au ruta mpya inaweza kufuta kila kitu na hutataka kuanza upya kwa kubahatisha.